Jibu kwa fundi wa Tanga: panki ni nini, na inashonwaje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nashona nguo mpya na kugeuza mitumba. Mteja wangu mmoja, kijana anayepiga gitaa, kaniletea picha ya suruali ya mirabaraba yenye mikanda inayoning'inia, fulana iliyochanika, na jaketi la ngozi lililojaa pini na misumari. Anasema hiyo ni panki, anataka nimshonee mfano wake aivae jukwaani. Mama ameiona ile picha akasema hizo ni nguo za wahuni na waabudu shetani. Naomba unieleze panki ni kitu gani hasa, ilitoka wapi, kwa nini wabunifu wakubwa wanaiheshimu, na nitaishonaje isionekane matambara tu.

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kwa jicho la fundi, nami nitakujibu kwa jicho hilohilo, maana panki mtu aliyewahi kushika mkasi huielewa haraka kuliko mtazamaji.

Sisi mafundi tumefundishwa kuficha. Mshono ukae ndani, pindo lifunikwe, zipu isionekane, kiraka kifanane na kitambaa hadi mtu asijue kama nguo iliwahi kupasuka. Panki, yaani muziki na mavazi ya vijana waasi wa miaka ya 1970, iliyachukua yote hayo ikayatoa nje na kuyafanya ndiyo pambo lenyewe. Tobo likaachwa liwe tobo, na pini iliyolishikilia ikaachwa ionekane, hata kwa aliyesimama ng'ambo ya barabara. Ukilishika hilo, picha ya mteja wako itaanza kusomeka. Usipolishika utashona matambara kweli, na mama atakuwa na haki ya kulalamika.

Tuanze na mahali. Pale London, mtaa wa King's Road, Chelsea, jengo namba 430, mwaka 1971 Malcolm McLaren na mwenzake Vivienne Westwood walianza kuuza nguo za mtindo wa miaka ya 1950. Westwood alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ukataji alijifunza kwa kufumua nguo kuukuu, akizitazama zilivyounganishwa, kisha kuziunganisha upya. Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu wewe unayefumua koti la mtumba kila wiki unapita shule ileile aliyopita mwanamke ambaye baadaye, mwaka 2006, Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Dame, na alipofariki Desemba 2022 dunia nzima ya mitindo ilimlilia.

Duka lile lilibadilisha jina mara kwa mara, na kila jina lilikuja na nguo zake. Lilianza kwa kuitwa Let It Rock. Mwaka 1974 likawa SEX, likiuza mavazi ya mpira na ngozi ambayo hadi wakati huo watu walikuwa wakiyavaa faragha. Mwishoni mwa 1976 likageuka Seditionaries, na hapo ndipo suruali ya mteja wako ilipozaliwa.

Itazame suruali hiyo kwa makini. Umbo lake limechukuliwa kwenye suruali za kazi za wanajeshi wa Marekani. Zipu haikomi mbele kama tulivyozoea, inapita chini katikati ya miguu na kupanda hadi nyuma. Goti la kushoto na la kulia yameunganishwa kwa mkanda. Nyuma, chini ya kiuno, kimening'inizwa kipande cha kitambaa kama aproni ndogo, hakifuniki chochote cha maana wala hakifanyi kazi yoyote. Zilianza za pamba nyeusi, zikafuata za mirabaraba ya Uskoti, ile nyekundu inayohusishwa na ufalme wa Uingereza. Tafakari mwenyewe: vazi la kazi, lenye mkanda unaozuia hatua, kwa kitambaa cha fahari ya taifa. Aliyelivaa alikuwa anasema amefungwa, na anasema kwa rangi za walewale anaowalaumu kwa kumfunga.

Shati lao maarufu nalo lilikuwa na ujanja wake. Lilikatwa kwa melimeli, kile kitambaa chepesi kama chandarua ambacho wapishi huchujia. Mikono yake ilikuwa mirefu kuliko mikono ya binadamu, ikakunjwa na kubanwa kwa klipu na pete za chuma, mfano wa yale mashati ya kuwafungia wagonjwa wa akili zamani. Mishono ilikaa nje. Fulana zao nyingine zilikuwa vipande viwili vya mraba vya kitambaa cha kuvutika, vimeunganishwa begani na ubavuni, basi. Mwanafunzi wako wa siku ya kwanza angeweza kuikata. Kabla ya hapo, Westwood alikuwa ameshachemsha mifupa ya kuku, akaitoboa na kuifunga kwa vinyororo kifuani mwa fulana mpaka ikaunda herufi. Nikisikia mtu akisema panki haina ufundi, huwa nataka ajaribu kutoboa mfupa wa kuku bila kuupasua.

Lakini si kila kitu kilianzia King's Road. New York, kwenye ukumbi wa CBGB uliofunguliwa Desemba 1973 katika mtaa wa Bowery, kulikuwa na mwanamuziki Richard Hell aliyepanda jukwaani na nywele zilizosimama ovyo, fulana imechanwa na kushikizwa kwa pini. McLaren alimwona alipokuwa Marekani mwaka 1975, akarudi London na picha ile kichwani. Kundi la Ramones, la hukohuko New York, lilivaa jinzi zilizopasuka magotini na jaketi la ngozi la waendesha pikipiki, ambalo kampuni ya Schott ilikuwa ikilitengeneza tangu 1928. Kwa hiyo jaketi la mteja wako ni la Kimarekani na suruali ni ya Kiingereza. Hakuna ubaya. Panki tangu mwanzo ilikuwa ya kuokotaokota.

Kilichoifanya London ilipuke ni hali ya maisha. Katikati ya miaka ya 1970 wasio na kazi Uingereza walizidi milioni moja, bei zilikuwa zinapaa, na mwaka 1976 serikali ilikwenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kijana wa miaka 16 alikuwa anamaliza shule huku wazazi wakimwambia avumilie, na nyota wa muziki aliowapenda wakiishi kwenye majumba makubwa na kupiga nyimbo za dakika 20. Kundi la Sex Pistols, ambalo McLaren ndiye aliyelisimamia, lilipiga mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1975 kwenye chuo cha sanaa cha Saint Martin's. Mwimbaji wao John Lydon alikuwa na fulana ya kundi mashuhuri la Pink Floyd, ambayo juu ya jina hilo alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba analichukia. Kalamu na fulana kuukuu tu, hakuhitaji zaidi. Tarehe 1 Desemba 1976 walitoa matusi moja kwa moja kwenye kipindi cha jioni cha televisheni, na kesho yake magazeti yakawaweka ukurasa wa mbele. Kijana wa mji wa mbali ambaye hajawahi kufika London akajua wanavyovaa.

Hapa ndipo panapokuhusu hasa. Nguo za duka la Westwood zilikuwa ghali. Kijana asiye na kazi hakuweza kuzinunua, kwa hiyo alitengeneza zake. Alinunua koti la marehemu kwenye duka la hisani, akalikata mikono. Alivaa mfuko mweusi wa takataka kama gauni, akaufunga mkanda kiunoni. Alichukua pini za nepi, mnyororo wa choo, kola ya mbwa, kufuli. Alivaa buti za kazi za Dr. Martens, zilizoanza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1960 kwa ajili ya watu wa viwandani na matarishi. Kundi la The Clash lilichora maneno kwenye mashati kwa karatasi zilizokatwa herufi, na rangi ya kupulizia. Msanii Jamie Reid alikata herufi magazetini na kuzibandika juu ya uso wa Malkia mwaka 1977, wakati taifa linasherehekea miaka 25 ya utawala wake, na muda si mrefu sura ile, na pini imepita mdomoni, ilikuwa kwenye vifua vya watu.

Sisi wa pwani hatushangazwi na nguo inayosema. Kanga imekuwa ikifanya hivyo tangu zamani, na jirani akijua ameambiwa yeye. Tofauti ni kwamba maneno ya kanga yanatoka kiwandani yameshachapwa na wewe unachagua, wakati panki aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya, na ubaya wa mwandiko ulikuwa sehemu ya ujumbe.

Nataka nikutajie mtu mmoja wa huko ambaye nampenda kupita wote. Jina lake la jukwaani Poly Styrene, la nyumbani Marianne Elliott-Said. Baba yake alikuwa Msomali, mama yake wa asili ya Uskoti na Ireland, na aliongoza kundi la X-Ray Spex. Wakati wasichana wengine wakijipaka weusi machoni na kuvaa ngozi, yeye alivaa rangi kali za plastiki, magauni ya kizamani, kofia za ajabu, na kucheka na vyuma vya kunyooshea meno vikionekana. Alikuwa na kibanda cha kuuzia nguo na vikorokoro kwenye soko la King's Road. Ukiona mtu anadai panki lazima iwe nyeusi yenye njumu, ile misumari ya mapambo, mwonyeshe picha yake. Alifariki Aprili 2011, na mabinti wengi weusi Ulaya na Marekani wanaopiga muziki huu leo wanamtaja yeye kama mtu aliyewafungulia mlango.

Wajamaika wa London nao walikuwa ndani ya jambo hili. Don Letts, kijana aliyezaliwa London na wazazi kutoka Jamaika, aliendesha duka la nguo la Acme Attractions hapohapo King's Road, kisha akawa mpiga santuri wa klabu ya Roxy. Rekodi za panki zilikuwa bado chache mno, akawa anawapigia rege. Mwaka 1977 Bob Marley mwenyewe alirekodi wimbo kuhusu mapanki na marasta kukutana. Mwaka uliofuata, Aprili 30, The Clash na X-Ray Spex walipiga London katika bustani ya Victoria Park kwenye tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi.

Nalisema hilo kwa sababu kuna doa ambalo sitakuficha. Baadhi ya mapanki wa mwanzo, wakiwemo Sid Vicious wa Sex Pistols na mwimbaji Siouxsie Sioux, walivaa alama ya msalaba uliopinda ya Wanazi, na duka la Westwood liliichapa kwenye nguo. Walijitetea kwamba walitaka kuwakera wazee waliopigana vita. Utetezi huo siukubali. Mitaani wakati huohuo chama cha National Front kilikuwa kikiandamana dhidi ya weusi na Waasia, na alama ya mauaji ya mamilioni haigeuki mzaha kwa sababu aliyeivaa ana umri wa miaka 19. Mteja akikuletea picha yenye alama ile, ikatae. Picha za panki za miaka ile zimejaa mitandaoni na si kila mtu anajua anachonakili.

Sasa mama. Mwambie hakuota. Wimbo wa kwanza wa Sex Pistols unaanza kwa mwimbaji kujiita mpinga-Kristo, na mavazi yale yalikusudiwa kuudhi kanisa, ufalme na wazazi. Lakini ibada ya shetani haimo humo. Panki haina dini, wala haina chifu wa kukuambia uamini nini. Kundi la Crass lilivaa nyeusi tupu na kuhubiri dhidi ya vita, na kuna mapanki wengi waliokataa pombe kabisa. Kama mama ana umri wa kutosha, muulize kuhusu Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, na kuanzia Januari 1969 wasichana wa Dar es Salaam walikuwa wanasimamishwa njiani kwa sababu ya urefu wa sketi. Walioitwa wahuni wakati ule ni bibi zetu wa leo, na wengi wao ni watu wa heshima.

Mambo hayo hayakuisha na zama zile. Ujerumani Mashariki, polisi wa siri waliwafuatilia mapanki na kuwafunga kwa kuonekana vile tu. Aceh, Indonesia, Desemba 2011, polisi waliwakamata vijana zaidi ya 60 kwenye onyesho la muziki, wakawanyoa vipara, wakawaogesha ziwani na kuwapeleka mafunzoni ili wanyooke. Vijana wale walikuwa wamekusanyika kuchangia yatima. Nguo zenyewe hazikumdhuru mtu, ila zilisema kwamba aliyezivaa hakuomba ruhusa, na hilo ndilo lililoogopwa.

Kuhusu wabunifu wakubwa, jibu ni kwamba walianza kuichukua panki kabla hata haijapoa. Mwaka 1977 Zandra Rhodes, Mwingereza, alitoa magauni yaliyochanwa kwa mpangilio, matundu yake yakashonwa kingo kwa ustadi na kushikizwa kwa pini zenye vito. Mwaka 1994 gauni jeusi la Versace lililoshikizwa ubavuni kwa pini kubwa za dhahabu lilimfanya mwigizaji Elizabeth Hurley ajulikane dunia nzima kwa usiku mmoja. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilifanya maonyesho makubwa ya uhusiano wa panki na mavazi ya kifahari. Gauni la Versace ni zuri, nakiri, lakini pini zake hazishikilii umaskini wa mtu yeyote.

Anayenivutia zaidi ni Rei Kawakubo wa Comme des Garçons, Mjapani. Mwaka 1982 alionyesha sweta jeusi lililojaa matundu kama lililoliwa na nondo. Matundu yale hayakukatwa kwa mkasi. Skrubu za mashine ya kufuma zililegezwa ili mashine iwe inaangusha vishono yenyewe, mahali pasipotabirika. Simwiti panki, ana njia yake, lakini alifika palepale: kosa la mashine likawa ndio muundo. Na angalia dunia ilivyo ndogo. Mwaka 1977, panki ikiwaka London, mwanamuziki Papa Wemba alianzisha kundi la Viva La Musica kule Kinshasa, akawa mfalme wa Wasapeur, wale wanaume wanaojivunia kuvaa nguo za kifahari. Mobutu alikuwa amepiga marufuku suti na tai akitaka wanaume wavae abakosti, koti lisilovaliwa na tai, nao wakajibu kwa kuvaa suti za Paris zilizopigwa pasi hadi kukata. London walichana, Kinshasa walipiga pasi, na wote wawili walikuwa wanawakatalia wakubwa wao. Miaka ikapita, na Wasapeur wa Kinshasa wakaja kuwa miongoni mwa wapenzi wakubwa wa nguo za Wajapani walewale, Kawakubo na Yohji Yamamoto.

Na usidhani mteja wako ni wa kwanza Afrika. Johannesburg mwaka 1979 kundi la National Wake liliunganisha weusi na weupe kupiga panki na rege pamoja wakati sheria za makaburu zikiwakataza hata kuishi mtaa mmoja. Nairobi nako kuna kundi la panki la Crystal Axis. Wamarekani weusi nao wana tamasha la Afropunk lililoanzia Brooklyn mwaka 2005, na ukitazama picha za wanaohudhuria utaona vitenge, shanga na njumu juu ya mtu mmoja.

Jambo moja kabla sijaingia kwenye cherehani. Novemba 26, 2016, Joe Corré, mtoto wa McLaren na Westwood, alichoma moto mkusanyiko wake wa nguo na kumbukumbu za panki ndani ya mashua kwenye mto Thames, akisema thamani yake ni pauni milioni 5. Alikasirika kwamba jiji linasherehekea miaka 40 ya panki kama kivutio cha watalii. Hasira yake naielewa, lakini ule moto ulinitia uchungu. Mishono ile ilikuwa vitabu vya mafundi wasioweza kwenda London, na picha haikuonyeshi upande wa ndani.

Haya, kazi.

Kwanza usianze na picha, anza na kijana. Muulize anaimba nini na amekasirishwa na nini. Mwambie alete nguo zake mwenyewe alizozivaa zikachoka, hata sare ya shule, hata ovaroli ya baba yake. Nguo yenye historia ndiyo itakayobeba kazi hii, na itakupunguzia gharama. Cha kununua mtumbani ni jaketi la ngozi na kitambaa cha mirabaraba. Sketi za sufu za kike za mirabaraba zinauzwa bei ndogo kwa sababu ya joto letu, na mbili zinakupa suruali moja. Mraba wa kushoto na wa kulia si lazima ukutane. Kwa panki, usipokutana ni bora.

Mkanda wa magotini upime akiwa amepiga hatua ndefu, kisha akiwa amechuchumaa. Lakini usiushone moja kwa moja. Weka pete ya chuma kila upande na klipu ya kubana kama ya kamba ya begi, ili autoe. Nalisisitiza hili kwa nguvu kwa sababu kijana huyo atapanda bodaboda kwenda kwenye onyesho, na mkanda ukinaswa kwenye mnyororo au gurudumu utamvunja mguu. Pete zishonee juu ya kipande cha turubai kilichowekwa ndani, maana sufu peke yake itang'oka.

Fulana usiichane kwa mikono ukidhani ndiyo uhalisi. Kitambaa cha kuvutika hakifumuki, hujikunja pembeni, kwa hiyo kata kwa mkasi mkali ukiwa umemvalisha, ukianzia pale mwili unapopinda: chini ya kwapa, pembeni mwa shingo, juu ya nyonga. Tobo la katikati ya tumbo huonekana limekatwa ili lionekane. Kwa jinzi, kumbuka nyuzi za buluu zinakwenda chini na nyeupe zinakata upande. Kata michano miwili ya upande, nafasi kati yake kama upana wa vidole vitatu, kisha vuta nyuzi za buluu moja moja kwa sindano mpaka zibaki nyeupe zimening'inia kama ngazi. Zungusha mshono wa cherehani kuzunguka eneo lote, uzi mwekundu au wa manjano, uonekane. Bila mshono huo, baada ya kufuliwa mara chache goti zima litakuwa nje.

Pini usizimwage. Kila pini ishikilie kitu: mpasuko, kiraka, mkono uliokatwa ukaunganishwa tena. Pini isiyo na kazi ni hereni. Na kwa chumvi ya hewa ya Tanga, pini za chuma cha kawaida zitatia kutu na kuacha madoa ambayo hayatoki, kwa hiyo tafuta za shaba au zisizoshika kutu, na mwambie azitoe kabla ya kufua.

Jaketi ni la mwisho. Njumu zenye meno piga kupitia ngozi kwa kutoboa kwanza kwa sindano nene ya fundi viatu, geuza, kunja meno kwa koleo kuelekea ndani yakutane. Fumua bitana kabla hujaanza, uirudishe ukimaliza, meno yasimkwaruze mgongo. Ziwe chache, mabegani na kwenye kola, na mgongo uache wazi kwa ajili ya maneno.

Maneno hayo ayaandike yeye. Hata kama mwandiko wako ni mzuri zaidi, na najua ni mzuri, usimwandikie. Kwenye ngozi atumie rangi ya ngozi inayouzwa kwa mafundi viatu, tabaka nyembamba mbili, ya kwanza ikauke usiku kucha. Kwenye kitambaa atumie rangi ya kuchapia fulana, na ikishakauka wewe funika kwa kitambaa cha pamba, upige pasi ya moto bila mvuke kwa dakika kadhaa ili rangi ishike. Ukishamaliza nguo zote, nitumie picha ya upande wa ndani pia, nione ulivyozishikilia zile pete.